Didi: kiungo aliyeuacha mpira ukimbie



Ijumaa mbili zilizopita, baada ya laasiri, mpwa wangu alinivuta pembeni ya uwanja wetu wa mtaani. Yeye ndiye kocha wa timu yetu siku hizi, kijana wa miaka 27. Mimi nina miaka 43, na nimecheza kiungo wa timu hiyo tangu yeye hajaanza chuo cha Qur'ani. Aliniita mjomba, akaniangalia miguuni badala ya usoni, kisha akasema kwa adabu zote kwamba kuanzia sasa nitakaa nyuma, mbele ya mabeki tu, nisipande tena na mpira. Nafasi yangu ya kuchezesha angempa mtoto mmoja wa kidato cha nne ambaye mapafu yake hayajui kuchoka. Nikamwambia sawa. Nikatia viatu vyangu mkobani, nikaenda zangu nyumbani na nia ya kutorudi tena.

Baada ya isha nikaketi barazani na mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa bandarini, mtu aliyekuwa akifuata kandanda kwa redio tangu ujana wake. Nikamweleza yaliyonikuta. Akanisikiliza mpaka kahawa ikapoa kikombeni, halafu akaniuliza kama namjua Didi. Nilidhani anamsema Dida, yule golikipa wa Brazil wa juzi juzi. Akatikisa kichwa. Alikuwa akimsema kiungo wa Brazil aliyechukua Kombe la Dunia mara mbili, 1958 na 1962, na mara ya pili alikuwa mtu mzima ambaye wengi walishamhesabu miongoni mwa waliopita.

Tangu usiku ule nimesoma kila nilichopata juu ya bwana huyu, na nimetazama zile filamu za kale zisizo na rangi mpaka macho yakaniuma. Leo naomba niwasimulie maisha yake, kwa sababu naona yanatuhusu sisi wa viwanja vya mchanga kuliko tunavyodhani.

Jina lake kamili lilikuwa Waldyr Pereira. Alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1928 katika mji wa Campos dos Goytacazes, kaskazini ya jimbo la Rio de Janeiro. Hiyo ni nchi ya mashamba ya miwa na viwanda vya sukari. Mtu wa Ramisi angeitambua harufu yake. Familia yake ilikuwa ya watu weusi wasio na kitu, na mpira aliujua barabarani kabla ya kuujua uwanjani.

Alipokuwa na miaka kama 14 alipigwa teke la goti katika mchezo. Jeraha likaingia uchafu, likavimba, likaoza. Inasimuliwa kwamba waganga walifikiria kuukata mguu, na kwamba kijana alikaa miezi kadhaa kwenye kiti cha magurudumu kabla ya kusimama tena. Mguu ukapona. Lakini kila nikimtazama katika filamu zile, namwona mtu anayeutumia mguu kama amana ya watu. Haupotezi. Harushi teke la bure. Haukimbilii mpira ambao mwenzake yuko karibu nao zaidi. Wengine huzijua hesabu hizo wakifika miaka 35. Pengine yeye alifundishwa na lile goti akiwa bado mtoto.

Baada ya timu ndogo ndogo alifika Madureira, kisha mwaka 1949 akachukuliwa na Fluminense, klabu ya matajiri wa Rio. Klabu hiyo ilikuwa na sifa ya kale ya kuwabagua watu weusi. Didi aliingia humo kichwa juu, mgongo umenyooka, akitembea kama mwenye nyumba. Mwandishi Nelson Rodrigues, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa Fluminense, alimpa lakabu ya Mwanamfalme wa Kihabeshi kwa ule mwendo wake. Ukimtazama utaelewa. Wenzake huinama na kujikunja wakiwa na mpira. Yeye husimama wima, macho yako mbali, kama nahodha anayetazama mkondo wa maji na si miguu yake.

Tarehe 16 Juni 1950 uwanja mpya wa Maracanã ulifunguliwa kwa mechi ya vijana wa Rio na vijana wa São Paulo. Bao la kwanza kabisa katika uwanja ule lilifungwa na Didi. Lakini mwezi huo huo Kombe la Dunia lilipoanza hapo hapo Brazil, yeye hakuwamo kikosini. Tarehe 16 Julai Brazil wakafungwa na Uruguay 2-1 ndani ya Maracanã, na nchi nzima ikaingia matangani.

Alipata zamu yake mwaka 1954 kule Uswisi. Wakati huo alikuwa bado anacheza mbele zaidi, mtu wa kupanda na kufunga, na alifunga dhidi ya Meksiko na dhidi ya Yugoslavia. Kwenye robo fainali Brazil wakakutana na Hungaria mjini Bern, wakafungwa 4-2 katika mechi iliyoishia kwa ngumi. Wakarudi nyumbani wakiwa na jina la watu wenye ufundi mwingi na mioyo myepesi.

Hapo ndipo mabadiliko yake ya kwanza yalipoanza. Mwaka 1956 alihamia Botafogo, na kidogo kidogo akawa anarudi nyuma, kutoka kuwa mshambuliaji wa ndani mpaka kuwa kiungo hasa, mtu wa kuanzisha mambo. Ndio wakati pia alipojulikana kwa ule mkwaju wake wa mpira wa adhabu ambao Wabrazili waliuita jani kavu. Aliupiga mpira kwa namna ambayo ulipanda juu ya ukuta wa mabeki kana kwamba unakwenda jukwaani, halafu ghafla ukakata tamaa na kuanguka. Sisi tunaoishi chini ya mikungu tunalijua jani la namna hiyo: hulitazami likianguka moja kwa moja, linayumba, na hujui litatua wapi. Inaelezwa kwamba aliutunga mkwaju huo alipokuwa na maumivu ya kifundo cha mguu, akawa anatafuta namna ya kupiga isiyomuumiza. Kwa hiyo hata silaha yake kubwa ilitoka katika upungufu.

Mwezi wa Aprili 1957 Brazil walihitaji kuifunga Peru ili waende Kombe la Dunia. Lima walikuwa wametoka sare 1-1. Maracanã mechi ikawa ngumu kama jiwe, mpaka ikapatikana adhabu nje ya boksi. Jani kavu likaanguka wavuni. Brazil 1, Peru 0. Bila ya mkwaju ule hatujui kama ulimwengu ungemwona Pelé mwaka uliofuata.

Ungedhani baada ya hapo hakuna aliyemtilia shaka. Walimtilia. Alikuwa anakaribia miaka 30, na magazeti na mabaraza ya Rio yalikuwa yakisema kuwa amezeeka, kwamba mazoezini hakimbii, kwamba Moacir wa Flamengo, kijana zaidi, ndiye anayefaa. Jibu lake linajulikana kwa kila mpenda kandanda wa Brazil: maana yake ilikuwa kwamba anayepaswa kukimbia ni mpira, si mchezaji. Wako waliolisikia wakaona ni kisingizio cha mvivu. Mimi pia, siku ile uwanjani, ningeona hivyo.

Lakini itazame timu ile ya 1958 kule Uswidi. Kocha Vicente Feola alipanga mabeki 4, washambuliaji 4, na katikati viungo 2 tu. Hebu fikiria uwanja mzima ule, urefu wa mita 100 na ushei, na katikati yake watu wawili. Ukimweka mtu mzima hapo na kumwambia akimbie kila upande, utamuua kabla ya mapumziko. Walianza kwa kuifunga Austria 3-0, wakatoka 0-0 na Uingereza. Mechi ya tatu, dhidi ya Muungano wa Kisovieti, wakaingizwa Garrincha, Pelé na Zito.

Hao wawili wa kwanza kila mtu anawajua. Mimi namtazama Zito. Zito wa Santos ndiye aliyekuwa wa pili katika viungo wale wawili, na kazi yake ilikuwa kukimbia, kukaba, kunyang'anya, kisha kumpa Didi. Hakuwa mtumishi wake. Alikuwa mshirika wake. Mmoja alileta mpira, mwingine alijua uende wapi. Dakika ya 3 ya mechi ile pasi ya Didi ikapenya katikati ya mabeki wa Kisovieti, Vavá akafunga. Ikaisha 2-0. Wakaifunga Wales 1-0, kisha Ufaransa 5-2 katika nusu fainali, na humo Didi akafunga bao lake kwa mkwaju wa mbali.

Fainali ilichezwa tarehe 29 Juni mjini Solna, karibu na Stockholm. Uswidi nao walikuwa na wazee wao wa katikati. Gunnar Gren alikuwa na miaka 37. Nahodha wao Nils Liedholm alikuwa na miaka 35, na yeye alizaliwa tarehe 8 Oktoba kama Didi, ila miaka 6 kabla yake. Dakika ya 4 mzee Liedholm akawapita mabeki wa Brazil kwa utulivu, akafunga. Kwa mara ya kwanza katika mashindano yale Brazil walikuwa nyuma, na kila Mbrazili aliyekuwa akisikiliza redio aliiona 1950 ikirudi.

Ndipo ikatokea ile picha ambayo mzee wangu wa barazani alitaka niione. Didi anauchukua mpira, anautia kwapani, anaanza kutembea kuelekea katikati ya uwanja. Hakimbii. Wenzake wanamhimiza aharakishe, wakati unakwenda. Yeye anatembea hatua kwa hatua, akiwatuliza mmoja mmoja, kama mtu anayerudi kutoka sokoni na kikapu chake. Alipofika kwenye duara, hofu ilikuwa imewatoka. Dakika ya 9 Vavá akasawazisha. Ikaisha 5-2. Kijana Pelé wa miaka 17 alifunga mara mbili na akalia machozi, na ulimwengu ukamkumbuka yeye. Lakini waandishi waliokuwako walimchagua Didi kuwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Nimeitazama safari ile fupi mara nyingi. Hakuna chenga ndani yake, hakuna pasi wala bao. Ni mtu anatembea tu. Na pengine ndiyo kazi kubwa aliyoifanya siku ile. Nikajiuliza: mimi kwa miaka yote niliyocheza, timu yangu ikifungwa bao la mapema, nilifanya nini? Nilipiga kelele. Niliwalaumu mabeki. Nilikimbia huku na huku ili watu waone kuwa mimi sina kosa.

Baada ya ushindi ule Real Madrid walimwita. Alikwenda mwaka 1959, akiwa anatimiza miaka 31, katika klabu iliyokuwa bingwa wa Ulaya mfululizo. Huko akamkuta Alfredo Di Stéfano, mwenye miaka 33, ambaye naye hakukaa mbele kungojea mpira. Alirudi mpaka kwa mabeki wake kuuchukua, akaupandisha, akaamua kila jambo. Wahenga wetu walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wote wawili walitaka mpira ule ule, mahali pale pale, mmoja kwa mwendo wa haraka na mwingine kwa mwendo wa taratibu. Na Madrid ilikuwa timu ya Di Stéfano. Hapakuwa na Zito wa Didi pale. Hakuna aliyepangwa kukimbia kwa ajili yake, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukimbia kwa ajili ya mwingine. Alidumu msimu mmoja tu. Mwezi wa Mei 1960 Madrid walipoifunga Eintracht Frankfurt 7-3 katika fainali ya Ulaya, yeye hakuwamo uwanjani. Akarudi Botafogo.

Hapa sitaki kumtetea kupita kiasi. Di Stéfano amelaumiwa sana na Wabrazili kwa jambo hili, lakini mimi naona Didi naye alikuwa na lake. Alikwenda nyumba ya watu akitarajia nyumba ihamishwe imfuate. Mtu mzima akiingia timu mpya ana haki ya kuheshimiwa, lakini pia ana wajibu wa kuuliza: hapa panahitajika nini? Didi wa Madrid hakuuliza, au aliuliza akakataa jibu. Nalijua kosa hilo, kwani ndilo nililolifanya mimi siku ile nilipotia viatu mkobani.

Sasa tufike 1962, Chile, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe. Didi ana miaka 33. Kocha ni Aymoré Moreira. Katika kikosi yuko Mengálvio, kiungo wa Santos mwenye miaka 22, mwenye nguvu, aliyezoeana na Zito na Pelé katika klabu moja. Wengi waliona zamu ni yake. Kocha akamweka Didi, na Didi akacheza mechi zote 6. Mengálvio hakuingia hata dakika moja.

Lakini hakucheza kama 1958, wala timu haikumtaka acheze hivyo. Mario Zagallo, winga wa kushoto, hata kule Uswidi alikuwa na tabia ya kurudi nyuma kusaidia. Chile tabia ile ikawa mpango kamili: Zagallo alishuka akawa kiungo wa tatu, na Brazil wakawa na mabeki 4, viungo 3, washambuliaji 3. Katikati ambapo zamani palikuwa na watu wawili sasa pakawa na watatu, na Didi akawekwa kati ya wakimbiaji wawili, Zito na Zagallo. Eneo lake likapungua, kazi yake ikabaki ile ile: kuupokea, kutazama, kuupeleka. Hakufunga hata bao moja katika mashindano yale. Timu ilichukua kombe.

Na angalia ni nani waliomzunguka. Zagallo, Garrincha, Nilton Santos, na baadaye Amarildo, wote walikuwa wa Botafogo, klabu yake. Walimjua. Walijua mpira ukifika mguuni kwake ni wakati wa kuondoka, si wa kusogea karibu naye. Nilton Santos, beki wa kushoto, alikuwa na miaka 37. Mechi ya pili Pelé aliumia akatoka kabisa mashindanoni, na timu ile iliyokuwa ikiitwa ya wazee haikuvunjika. Garrincha akaubeba mzigo mbele, wazee wakautuliza mchezo nyuma yake.

Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Uhispania, na katika kikosi cha Uhispania alikuwamo Di Stéfano, ambaye wakati huo alikuwa amechukua uraia wa huko. Watu walingoja waone wawili wale wakikutana tena. Di Stéfano alikuwa mgonjwa wa misuli, hakucheza. Uhispania walitangulia kufunga, Brazil wakatulia kama desturi yao, Amarildo akafunga mara mbili, 2-1. Kisha wakaifunga Uingereza 3-1 na wenyeji Chile 4-2.

Fainali ilikuwa tarehe 17 Juni mjini Santiago, dhidi ya Chekoslovakia. Dakika ya 15 Josef Masopust akafunga. Mara ya pili, fainali ya pili, Brazil wako nyuma mapema. Dakika mbili baadaye Amarildo akasawazisha. Na nani aliyefunga bao la pili, lile la kuwapa uongozi, dakika ya 69? Zito, yule mkimbiaji. Vavá akaongeza la tatu, 3-1. Nimelifurahia sana bao lile la Zito, kwa sababu linaonyesha kuwa kumkimbilia mwenzako si kujidhulumu. Mwenye kukimbia kwa ajili ya mkubwa wake anapata fungu lake.

Baada ya 1962 Didi alicheza huku na huku, Peru, Meksiko, na kwao Brazil, mpaka miguu ikakataa. Lakini huko Peru alikuwa ameshaanza kufundisha. Mwaka 1968 aliipa Sporting Cristal ubingwa wa Peru, kisha akakabidhiwa timu ya taifa. Mwezi wa Agosti 1969 Peru walitoka sare 2-2 na Argentina ndani ya Buenos Aires, Argentina wakabaki nyumbani, na Peru wakaenda Kombe la Dunia. Kumbuka ni Peru ile ile aliyoizuia kwa jani kavu mwaka 1957.

Kule Meksiko 1970 Peru walicheza mechi ya kwanza siku mbili tu baada ya tetemeko kubwa la ardhi lililoua makumi ya maelfu ya watu nchini mwao. Walifungwa mabao 2 na Bulgaria, kisha wakarudi wakashinda 3-2. Mimi nikisoma hivyo naiona ile safari ya taratibu ya kuurudisha mpira katikati, ingawa safari hii aliyeifunza timu alikuwa amekaa benchi. Wakaifunga Moroko 3-0. Katika robo fainali wakakutana na Brazil, na kocha wa Brazil alikuwa nani? Mario Zagallo, yule aliyekuwa akirudi nyuma kumsaidia. Brazil wakashinda 4-2 katika mechi ambayo hakuna timu iliyojificha, na Zagallo akaendelea mpaka kombe.

Baadaye Didi alifundisha Uturuki, ambako Fenerbahçe walichukua ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 1974 na 1975, na alifika mpaka Saudi Arabia kuifundisha Al-Ahli ya Jeddah. Alifariki Rio de Janeiro tarehe 12 Mei 2001, akiwa na miaka 72.

Nimeyaeleza maisha haya kwa urefu kwa sababu ya jambo moja. Hapa kwetu Pwani tuna tabia mbili mbaya, na kila moja inaizaa nyingine. Makocha wetu wakimwona mchezaji amefika miaka 30 na ushei wanamtoa kama ngozi ya ndizi. Hawamwulizi anajua nini, wanatazama anakimbia kiasi gani. Na sisi wachezaji wakubwa, kwa kuogopa kutolewa, tunang'ang'ania kazi ya vijana. Tunapanda na mpira ambao hatuwezi kushuka nao. Timu inafungwa, kocha anatutoa, na kila upande unajiona umedhulumiwa.

Didi wa 1962 anatuonyesha njia ya tatu, lakini njia hiyo ina bei kwa pande zote. Mkubwa alikubali eneo lake lipungue, na akamaliza mashindano mazima bila ya bao huku wengine wakiimbwa. Kocha alikubali kuipanga timu upya, si kumweka tu mahali akamwacha azame. Vijana walikubali kukimbia hatua ambazo si zao. Ikikosekana moja kati ya hizo tatu, ni Madrid. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini lazima apatikane mtu wa kuukwangua, na jungu lenyewe likubali kuinamishwa.

Nilimpigia simu mpwa wangu. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamwambia nitacheza pale anapopataka, kwa sharti moja: yule mtoto wa kidato cha nne asiwekwe mbali nami. Nimwone, anisikie, anikimbilie, nami nitamtafutia mpira. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema alikuwa amepanga hivyo hivyo tangu mwanzo ila mjomba wake aliondoka kabla hajamaliza kusema.

Ijumaa iliyopita nilirudi uwanjani. Dakika za mwanzo tu tukafungwa bao la kizembe. Mtoto yule akakimbilia wavuni kuutoa mpira, mwenyewe akitweta, macho yamemtoka. Nikamwendea nikauchukua mikononi mwake, nikautia kwapani, tukatembea pamoja mpaka katikati. Nilimwambia tu apumue. Kipindi cha pili alifunga kutokana na pasi niliyompa nikiwa nimesimama, sikutoa hata jasho.

Sitadanganya: tulifungwa 2-1. Goti linaniuma hadi leo. Ijumaa ijayo, inshallah, nitakwenda tena.